KURA ZA ARDHI ZIHESABIWE

Ndugu Mhariri,

NAOMBA nafasi kidogo katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jinsi maamuzi ya ardhi yanavyopitishwa katika mikutano mikuu ya vijiji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, viongozi wa kijiji huniomba mara kwa mara niwaandikie mihutasari.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iko wazi. Halmashauri ya Kijiji husimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, lakini haina ruhusa ya kumgawia mtu kabla Mkutano Mkuu haujakubali. Sasa, ndugu zangu, tunajuaje kwamba mkutano umekubali? Hapo ndipo penye kasoro.

Mwaka jana tulikutana chini ya mwembe. Ajenda ya kwanza ilikuwa vyoo vya shule, na watu 143 walitia sahihi katika orodha ya mahudhurio. Ajenda ya mwisho ilikuwa maombi ya mwenzetu mmoja mwenye uwezo, aliyetaka ekari 40 za bonde tunakolisha mbuzi na kukata nyasi za kuezekea. Hadi tunaifikia, jua lilikuwa limeshuka na kina mama wengi wamekwenda kuteka maji na kupika. Mwenyekiti akauliza, "Wanaoafiki?" Mikono ikanyooshwa. "Wasioafiki?" Kimya. Mwombaji mwenyewe alikuwa amekaa mbele akitazama, na wengi wetu tuliobaki hukopa mahindi kwake mwezi wa Februari. Nani angenyoosha mkono?

Nami nikaandika, "Wajumbe wote waliafiki," ikabandikwa ile orodha ya majina 143. Waliokuwapo saa ile sikuwahesabu, ila nadhani hawakufika hamsini.

Wiki mbili baadaye mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi wangu, alinifuata darasani akaniuliza, "Mwalimu, mimi nilikubali lini? Niliondoka baada ya vyoo." Sikuwa na jibu, Ndugu Mhariri. Leo bonde limesimikwa nguzo, na watoto wanaopeleka mbuzi mbali alfajiri wanafika shuleni saa tatu. Mimi huyo huyo ndiye ninayewaadhibu kwa kuchelewa.

Jambo linalonishangaza ni hili. Novemba 27, 2024 tulipomchagua Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye atakaa miaka 5 tu, tulipiga kura ya siri, mtu mmoja mmoja. Ardhi watakayoikosa wajukuu zetu tunaipitisha kwa kunyoosha mikono mbele ya anayeiomba!

Ningeshauri ajenda ya ardhi iwe ya kwanza daima, kabla watu hawajachoka. Waliopo wahesabiwe wakati ule ule wa kura, wala orodha ya asubuhi isitumike. Mwombaji akishajieleza atoke nje ya mkutano, na kura iwe ya siri. Najua wapo watakaosema kijiji hakina fedha za kuchapisha karatasi. Darasani kwangu tunachagua kiranja kwa mahindi na maharage: punje ya hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana, kila mtoto anatumbukiza yake ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa. Watoto wa darasa la tatu wanaliweza jambo hili, kwa nini wazazi wao washindwe?

Kisha muhtasari usomwe pale pale kabla watu hawajatawanyika, ukitaja waliosema ndiyo ni wangapi na waliosema hapana ni wangapi.

Nawaomba wahusika katika Halmashauri za Wilaya waurudishe kijijini muhtasari wowote wa ardhi usiokuwa na hesabu ya kura. Waanze na ule nilioandika mimi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Morogoro.
(Jina na anwani vimehifadhiwa)