Hakuna Atakayekuita kwa Jina

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, washauri huota kama uyoga. Kinyozi ni mshauri. Konda ni mshauri. Mjomba ambaye hajawahi kuvuka geti la chuo chochote naye ni mshauri, tena ndiye mwenye sauti kubwa. Na wote wana neno moja kati ya mawili. La kwanza: "Nenda, ukitoka huko umeula." La pili: "Usiende, digrii siku hizi ni karatasi ya kufungia vitumbua."

Mwaka huu wamehamia nyumbani kwetu. Mdogo wangu wa mwisho amemaliza HKL na daraja la kwanza mkononi, na anataka kwenda kusoma Kiswahili kwenye chuo kikuu cha serikali, kile kikubwa kikubwa. Mjomba anataka Sheria. Mama, ambaye ametusomesha wote kwa ubwabwa na maharage ya mamalishe, ameuliza swali moja tu: "Hicho Kiswahili si anakijua? Anakwenda kusomea nini tena?"

Nimewasikiliza kwa wiki tatu nzima na nimechoka. Kwa hiyo leo najibu. Najibu hapa jaridani kwa sababu najua wengi mnaosoma kurasa hizi mko kwenye foleni hiyo hiyo, na wengi mna daftari la hadithi mlilolificha chini ya godoro.

Nianze na hawa wa "usiende". Hawakosi mfano. Watakutajia fundi simu wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anayeingiza hela kuliko mwalimu mwenye digrii mbili. Ni kweli, sibishi. Mmoja wao ni mshikaji wangu, tulikaa dawati moja shule ya msingi. Lakini nendeni mkamuulize alivyojifunza. Alikaa ubavuni mwa fundi mmoja miaka mitatu. Alishika taa, alitumwa vifaa, alichoma sakiti za watu na akakemewa kwa jina lake. Fundi aliujua mkono wake, alijua wapi unatetemeka. Yule jamaa hakukwepa shule, bwana. Alisoma shule yenye mwalimu mmoja na wanafunzi wawili. Wangapi kati yetu tumesoma hivyo?

Sasa hawa wa "nenda, umeula". Hawa ndio walionipeleka mimi. Niliambiwa nisichague ninachokipenda, nichague "kozi yenye ajira". Nikachagua utawala wa biashara. Chuo chenyewe sitakitaja. Kilikuwa kikubwa, kilikuwa cha serikali, na ninayoyasema hayana chuo kimoja.

Siku ya kwanza niliingia ukumbini nikakuta watu zaidi ya mia nne. Viti vimejaa, ngazi zimejaa, madirishani watu wamening'inia kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nikapata nafasi nyuma kabisa. Mhadhiri alikuwa mdogo kama kidole. Nikajisemea, hapa raha, hapa hakuna atakayenijua. Nikakaa nyuma miaka mitatu.

Nilisoma kwa madesa. Kwa asiyejua, desa ni ile karatasi iliyorudufiwa mara mia, maelezo ya mtu wa mwaka wa juu aliyeyapata kwa mtu wa mwaka wa juu wake. Unalikariri usiku mbili kabla ya mtihani, unalimwaga, unalisahau. Nilipata alama za kutosha. Sapu nilipiga moja tu. Sikudisko. Mama alivaa kitenge kipya siku ya mahafali na mimi nilivaa joho la kukodi, picha ipo ukutani.

Halafu likatoka tangazo la kazi, zuri kweli, likataka wadhamini watatu. Wawili nikawapata: mchungaji na mwenyekiti wa mtaa. Wa tatu ilibidi awe mtu aliyenifundisha. Nikarudi chuoni, nikagonga mlango wa mhadhiri aliyenifundisha masomo manne. Akaniangalia kwa muda. Akauliza, kwa upole kabisa, "Ulikuwa darasa langu?"

Alikuwa mzee mstaarabu, akaniomba radhi. Lakini aandike nini juu ya mtu asiyemjua? Nilitoka pale nikakaa chini ya mwembe nje ya ofisi zao, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba nilikuwa nimejificha kwa miaka mitatu na nimefaulu kujificha. Simlaumu yule mzee. Wala sikumpa hata siku moja sababu ya kunijua.

Sasa mtu ataruka aseme: "Unaona? Vyuo vimejaa mno, ni viwanda vya vyeti." Hapo ndipo ninapogeuka nigombane naye. Mwaka 1961, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilipoanza kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wa Sheria hawakufika 20. Bila shaka kila mmoja aliitwa kwa jina. Lakini niambie, katika hao wasiofika 20, mtoto wa mamalishe angekaa wapi? Chuo Kikuu cha Dodoma kilipofunguliwa mwaka 2007 kilipangwa kuchukua wanafunzi 40,000. Katika hao 40,000 ndimo tulimo sisi. Msongamano unaoulalamikia ni mimi, ni mdogo wangu, ni wewe. Ukiupunguza, wa kwanza kutolewa hatakuwa mtoto wa waziri.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda. Lakini nenda ukijua unakokwenda. Chuo kikubwa ni kama soko la Kariakoo: kila kitu kipo, na hakuna atakayekushika mkono. Anayejua alichofuata anatoka nacho. Asiyejua anazungushwa, anachoka, na mfukoni wameshapita. Haya ndiyo ningependa kuambiwa mimi.

Kwanza, hela. Mkopo ni deni. Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 haigawi sadaka. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Tushukuru kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, maana kuna watu walilipa miaka na deni likabaki linawakodolea macho. Mwaka 2022 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ndani ya hiyo elfu kumi kuna kitanda, kuna sahani tatu na kuna nauli. Siku bumu linapoingia utaona watu wanatembea kwa mikogo, kuku wa kukaanga wanakwisha mapema, viatu vinabadilika. Wiki ya tano utawaona hao hao wanagonga mlango kuomba chumvi. Lipa chumba kabla hujanunua chochote. Nilibebwa na mwenzangu muhula mzima, watu wawili kitanda cha futi tatu, kwa sababu nilinunua redio. Usinunue redio.

Pili, madesa. Sikukatazi, utayasoma, kila mtu anayasoma. Lakini kila desa lina kitabu nyuma yake. Kitafute. Desa linakupa jibu. Kitabu kinakuonyesha mtu aliyehangaika mpaka akalipata, na pengine alikosea. Ukishaona alipokosea, wewe tayari si mtu wa kukariri.

Tatu, sogea mbele. Tafuta mwalimu mmoja katika kila mwaka, mmoja tu, ajue jina lako. Sisemi ujipendekeze. Msomee alichoandika, nenda ofisini mchana mlango ukiwa wazi, uliza swali ulilolifikiria kweli. Wiki inayofuata rudi umwambie ulichokipata. Wengi wao wanatamani mwanafunzi wa namna hiyo kama mkulima anavyotamani mvua, ila hatuendi.

Nne, na hili nalisema bila kuzunguka kwa kuwa wewe ni msichana. Kuna watu, si wote, lakini wapo, watakaotaka kukuuzia alama ambazo ni zako. Wataita ushauri, wataita chakula cha jioni. Jina lake ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kuwa ni kosa la jinai katika kifungu cha 25. Hifadhi ujumbe wote. Mwambie mtu siku ile ile, niambie mimi. Usikubali mtu yeyote, hata shangazi, akuulize ulivaa nini. Na wanaume mnaosoma hapa, mkiwacheka wenzenu kwa "alama za chupi" mnamsaidia mwizi kubeba gunia.

Sasa nije kwenye swali la Mama, maana ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa sebuleni kwetu. Kiswahili si anakijua?

Mama, unajua kupika ubwabwa kuliko mtu yeyote Manzese. Lakini ulinifundisha mwenyewe kwamba anayejua kula na anayejua kupika ni watu wawili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 haikuota porini. Ilitengenezwa na watu wa taasisi ya Kiswahili pale Mlimani, wakakaa wakapima maneno moja moja. Mwaka 2019 SADC ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Mwaka 2021 UNESCO ikakipa siku yake, Julai 7. Huko kote wanahitajika watafsiri, wakalimani, wahariri, walimu. Sisemi kazi zinamsubiri mlangoni. Kama ningesema hivyo ningekuwa mwongo kama wale wa "umeula". Nasema kwamba mimi nilikwenda na "kozi yenye ajira" na ajira sikuikuta, wala kozi sikuipenda. Nilikosa vyote viwili. Yeye walau kimoja anakwenda nacho.

Na ninyi waandishi wenzangu, mnaopenda kusema Shaaban Robert hakusoma chuo kikuu. Ni kweli, hakusoma. Lakini ukishalitaja jina lake, taja pia Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ilitoka mwaka 1969, Mlimani ikiwa nyumbani kwake. Taja Kezilahabi aliyetoka Mlimani na mwaka 1971 akatoa Rosa Mistika, wakubwa wakaruka. Taja Penina Muhando. Chuo hakikuwatengeneza, ila walikitumia.

Na kuna kisa kimoja ambacho kila kijana mwenye kalamu angepaswa kukijua. Mwaka 1969 wanafunzi wa Mlimani walianzisha jarida lao, wakaliita Cheche. Lilichapwa kwa stensili. Hakuna mhadhiri aliyewapa alama hata moja kwa ajili yake, halikuwa kwenye ratiba ya masomo. Ndani yake Issa Shivji, kijana bado, aliandika mambo juu ya matabaka ambayo wasomi wanayajadili mpaka leo. Mwaka 1970 Cheche likapigwa marufuku. Serikali nzima inashtushwa na karatasi za wanafunzi! Wale hawakukaa nyuma ya ukumbi kama mimi. Nao walikuwa kwenye chuo cha serikali, chenye masharti yake, na serikali hiyo hiyo miaka michache nyuma, 1966, ilishawarudisha nyumbani wanafunzi karibu 400 kwa kuandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Walijua hatari. Waliandika.

Leo stensili hazipo, kila mtu ana simu inayoweza kuchapa gazeti zima. Cheche yetu iko wapi? Tunarekodi video tukicheza nje ya maktaba ambayo ndani hatuingii.

Mjomba ameniambia namharibu mtoto. Amesema nikishamshawishi, siku akikosa kazi nitamlisha mimi. Nimemjibu sawa, nitamlisha, kwa hicho kidogo ninachopata. Lakini siwezi kumwacha aende kujificha miaka mitatu kama nilivyojificha mimi, halafu picha yake ya joho iungane na yangu ukutani na sote wawili hatuna mtu anayejua majina yetu.

Dirisha la maombi halijafungwa, mdogo wangu. Uamuzi ni wako. Si wa Mjomba, wala si wangu. Ila siku ya kwanza utakapoingia kwenye ule ukumbi, ukawaona wale watu mia nne na ile nafasi nzuri ya nyuma karibu na mlango, ipite. Shuka ngazi mpaka chini. Kipindi kikiisha usikimbilie foleni ya chakula, subiri kidogo. Msogelee mwalimu, msalimie kama ulivyofundishwa nyumbani, kisha umwambie unaitwa nani.