Habari za Vita

Sisi wa Sakania vita vya Kivu tunavisikia tu, wala hatuvioni. Basi yatupasa kuuliza: ni nani atuleteaye habari zake?

Januari 2025, waasi wa M23 pamoja na askari wa Rwanda walipokuwa wakiikaribia Goma, Serikali yetu iliwanyang'anya waandishi wa Al Jazeera kibali cha kazi, kwa sababu televisheni hiyo ilimhoji Bertrand Bisimwa, rais wa M23. Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria wakati ule, alitisha kwamba watakaoeneza habari za adui waweza kuhukumiwa kufa. Mwanzoni mwa Februari, X na TikTok zikafungwa.

Hatukatai: nchi inayoshambuliwa ina haki ya kuficha mahali walipo askari wake. Neno moja la ovyo redioni laweza kuua vijana wengi. Lakini kuwaficha raia mahali alipofika adui kwamlinda nani? Mama mwenye mwana Goma ataka kujua kama njia ya Sake ingali wazi. Asipoambiwa na redio ataambiwa na jirani, na jirani ameliokota neno sokoni. (Wanafunzi wetu wajua jinsi neno la sokoni linavyonenepa njiani.)

Nao M23, walipouteka mji mwishoni mwa Januari, hawakuwaletea waandishi uhuru, wengi walikimbia. Umeme nao ulikatika Goma siku zile, na simu nyingi zikanyamaza.