Wazazi wa Nax, Waacheni Watoto Wacheze

Watu wangu wa Nakuru, leo nitakosana na wengine wenu. Sawa tu.

Jumatatu saa mbili usiku nilimpata mpwa wangu amelala juu ya daftari. Ana miaka mitano, yuko PP2. Aliambiwa aandike moja mpaka mia, mara mbili. Alikuwa amefika sabini na kitu, penseli bado iko mkononi. Nikamuuliza dadangu shida ni nini. Ati mwalimu amelalamika kijana "anacheza sana". Miaka mitano! Mlitaka afanye nini, alipe kodi ya nyumba?

Huu mtaala wa CBC tumeupigia kelele tangu 2017, lakini kuna kitu ulisema vizuri. Kati ya zile umilisi saba, kuna mawasiliano na ushirikiano, na kuna kufikiria kwa kina na kutatua matatizo. Sasa niambie, mtoto atajifunza ushirikiano vipi akiwa peke yake anaandika namba hadi usingizi umshike?

Mimi nililelewa Kaptembwo. Tulicheza kati na mpira wa majuala, kabla majuala yapigwe marufuku (siku hizi wanajaza matambara kwa soksi, na unarushika poa tu). Kati si kukimbia ovyo. Wawili wanarusha kutoka pande mbili, wengine wako katikati wanakwepa. Ukigongwa umetoka. Lakini kama mpira umegusa sketi tu, hiyo inahesabiwa? Hapo ndipo darasa linaanza. Hakuna refa, hakuna mwalimu. Mnabishana, mnatunga sheria, na mkikosa kuelewana mwenye mpira anaenda nao kwao, mchezo umekufa. Kwa hivyo mnaelewana, tena haraka. Na yule mdogo ambaye hawezi kukwepa? Tulimpa nafasi mbili za ziada. Hakuna mtu mzima alituambia.

Mapema 2008 Nakuru iliwaka kwa vita vya baada ya uchaguzi, na pale Showground pakajaa wakimbizi wa ndani. Nilikuwa na miaka saba. Baadaye familia moja ikahamia ploti yetu, watoto watatu, kabila tofauti na letu. Watu wazima waliwasalimia kwa mbali, kwa shingo upande. Sisi tulikuwa tunatafuta mtu wa kurusha upande wa choo, na msichana wao mkubwa alikuwa na mkono hatari. Wiki ya pili mama yake alikuja kuomba chumvi kwa mama yangu. Sisemi mpira ulileta amani Nakuru. Nasema sisi tulianza kuongea kabla ya wazazi wetu.

Najua utaniambia unalipa karo uone kazi kwa daftari. Najua pia mama anayetoka sokoni saa moja jioni akiwa amechoka, homuweki ndiyo inamwonyesha pesa yake haikupotea. Na nje kuna boda zinapita kama mshale. Huyo simlaumu. Nalaumu shule inayofungua chekechea kwenye nyumba ya kupanga, haina hata mahali pa kuruka kamba, halafu inaziba hilo pengo kwa mia moja mara mbili. Na landlodi wa ile ploti yetu, pale tulichezea kati sasa ni maegesho ya magari mawili.

Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ana haki ya kucheza. Elimu ya chekechea nayo Katiba ya 2010 iliipa kaunti. Kwa hivyo MCA wako akija kuomba kura, usimuulize barabara peke yake.

Ijumaa kuna mkutano wa wazazi kwa shule ya kijana na ninaenda na dadangu. Ameshaniomba nisipige kelele. Nitauliza tu uwanja uko wapi, nikae chini.