Kinyozi Hajinyoi, na Mshonaji Je?

Ni kazi ngumu mtu kuupima mgongo wake mwenyewe. Asiyesadiki na achukue utepe wa fundi, asimame peke yake chumbani, ajaribu kupima toka shingoni mpaka kiunoni. Akiinama mgongo hurefuka, akijinyosha hufupika, na akigeuza shingo asome nambari, kipimo chote kimekwisha haribika.

Jambo hili nililiona Asumbi, kwenye njia itokayo Rongo kwenda Homa Bay, mahali panapojulikana kwa misheni ya Kikatoliki iliyowekwa na mapadri wa Mill Hill mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa shule yake ya wasichana na chuo chake cha ualimu. Msomaji wa pwani ataniuliza, ulifuata nini huko kusikokuwa na mnazi? Nilimsindikiza mpwa wangu, naye ana rafiki yake huko, mwalimu kijana, aliyekuwa akijitengenezea nguo ya mchezo wa kuigiza. Mchezo wenyewe ni wa zama za mabibi wa Kizungu wa mwisho wa karne ya 19, na yeye ndiye bibi mwenyewe. Mafundi wa sokoni walimcheka, basi akaamua kuishona koseti kwa mkono wake.

"Mzee, nguo hii imenishinda," akaniambia. "Nimeifumua mara tatu. Nafikiri ni mwili wangu ndio mbaya."

"Usiulaumu mwili, mwanangu," nikamjibu. "Tuiulize nguo kwanza."

Nguo niliiona mezani, si mwilini, kwa hivyo wenye haraka ya kushtuka wastarehe. Mimi nimelelewa katika vumbi la pamba: asubuhi chuoni kwa mwalimu, alasiri chini ya meza ya marehemu baba, fundi wa kanzu, nikiokota sindano zilizoanguka. Kanzu ni nguo yenye huruma. Ina badani zake mbili, ina taharizi za ubavuni, ina kikwapa cha kuupa mkono nafasi, na fundi akikosea vidole viwili, upepo huyaficha makosa yake. Koseti haina huruma hiyo. Hukatwa ndogo kuliko mwili kwa makusudi, ikatiwa vijiti vya chuma (zamani vilitoka katika vitana vya kinywani mwa nyangumi, ambavyo watu huviita mifupa ingawa si mifupa), kisha ikakazwa kwa kamba mgongoni. Kosa la nusu inchi halina pa kujificha.

Na dalili zake husomeka. Pale nyuma panapopita kamba huachwa uwazi. Uwazi ukishuka sawasawa toka juu mpaka chini, nguo imekubali. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kifua kimenyimwa kitambaa. Ukiwa kinyume chake, ni nyonga zilizodhulumiwa. Binti huyu uwazi wake ulipanuka juu, naye kila mara akaongeza upana ubavuni, na kila mara mambo yakazidi kuharibika. Kumbe kosa halikuwa la upana hata kidogo, lilikuwa la urefu! Yeye ni mrefu wa kiwiliwili, na kiuno cha nguo kilimkaa mbavuni. Kamba ikikazwa, nguo huteremka kutafuta mahali pembamba, na kifua kikabaki juu hakina mwenyewe.

Nilimuuliza kama alishona kwanza nguo ya kujaribia. Akasema alishona, lakini bila vijiti wala kamba. Hiyo ni sawa na kujaribu ngalawa nchi kavu. Nguo ya majaribio na ishonwe kwa marekani, kitambaa kile kigumu kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem walikileta Unguja kwa majora katika zama za Sayyid Said, aliyefunga mkataba na nchi yao mwaka 1833, nacho kikachukua jina la nchi hiyo mpaka leo. Lakini itiwe vijiti na ikazwe kama ile ya kweli, la sivyo itasema uwongo.

Tukaikata marekani kiunoni kwa mapana, tukapachika ukanda wa inchi moja na robo, na mpwa wangu akaingia naye chumbani kumfunga kamba. Mimi nilibaki nje na kikombe changu cha chai. Baadaye nikaletewa habari kwamba uwazi umenyoka. Naam, kinyozi hajinyoi. Siku hizi wako wanaoegemeza simu ya mkononi juu ya kabati ijipige picha ya mgongo, na ni hila nzuri, lakini simu haina mkono wa kushika pini.

Lililonichoma ni yale maneno yake, kwamba mwili wake ndio mbaya. Kielelezo alichokifuata kilitoka katika kitabu. Vitabu vya namna hiyo, kama kile cha Norah Waugh kilichochapishwa Uingereza mwaka 1954, huchora mikato kutokana na nguo zilizosalia. Kila nguo iliyosalia ilikuwa na mwenyewe, bibi fulani mwenye kimo chake na mabega yake. Tena kila zama zilikuwa na umbo lake: karne ya 18 kifua kilitakiwa kiwe kama pia, katikati ya karne ya 19 kiuno kiwe kama cha nyigu, na mwanzoni mwa karne ya 20 tumbo la mbele linyoke kama ubao. Kwa nini binti wa Asumbi ajione ana kasoro kwa kuwa hakulingana na marehemu asiyemjua?

Hata hivyo, Wazungu nawasifu kwa jambo moja. Walizifumbua nguo za bibi zao, wakazipima, wakazichora. Sisi je? Kanchiri iliyofunga vifua vya nyanya zetu, vijana wangapi wamepata hata kulisikia jina lake? Mkaja twautaja katika mahari, hidaya ya mama wa bibi arusi, lakini namna ya kumfunga mzazi tumbo katika arubaini yake imo vichwani mwa wakongwe wachache. (Na huo pia, aghalabu mzazi hajifungi mwenyewe.) Picha ya Sayyida Salme iliyopigwa Hamburg amevalia mavazi ya Unguja imezunguka dunia nzima, lakini picha haikwambii kipande kilikatwa upana gani wala mshono umepita wapi.

Rai yetu kwa makumbusho ya Lamu na Fort Jesus ni hii: kila nguo ya kale iliyomo itolewe sandukuni, ipimwe, na mkato wake uchorwe kwa vipimo na kwa majina yetu, badani iitwe badani, na lisani iitwe lisani. Mafundi wa kanzu wangali hai Lamu na Mombasa. Waitwe na utepe wao, siku ambayo milango imefungwa kwa wageni, wapewe meza yenye mwanga, na wakongwe waitwe pamoja nao, maana ziko nguo ambazo hazimo katika sanduku lolote ila katika vidole vyao.