Nani Alikwambia Chalbi ni Tupu?

Wasee, kuna neno moja naomba tulizike mwaka huu. Neno lenyewe ni "tupu". Mmeliona. Kila kundi la pikipiki likirudi kutoka Chalbi, chini ya video unakuta maneno yaleyale: jangwa tupu, hakuna mtu, ni sisi na mchanga na nyota. Muziki wa taratibu, droni inapanda juu, msee mmoja kwenye pikipiki inayoweza kununua ploti Litein anaruka kilima cha mchanga, video imeisha. Wewe uko kitandani hosteli unasema manze, siku moja lazima niende.

Na uende. Hizo safari nazipenda, nataka hilo lieleweke kabla watu wa komenti hawajanivaa. Kulala kwenye hema mchangani, kuamka saa kumi na moja kabla jua halijawa adui, kupanda vilima na wenzako mkicheka kila anayeanguka, hakuna kitu kama hicho. Shida yangu ni hilo neno tu. Naliona ni neno hatari, na sisi watu wa majani chai tungekuwa wa kwanza kulishtukia.

Kwanza ramani, kwa wale ambao Kenya yao inaishia Nakuru. Chalbi iko kaunti ya Marsabit, mashariki mwa Ziwa Turkana. Zamani za kale lilikuwa ziwa. Siku hizi ni uwanda mpana wa chumvi na vumbi, na mvua kubwa ikinyesha hugeuka tope linalomeza gari. Vilima vya mchanga wenyewe, vile vya video, viko upande wa North Horr. Tangu barabara ya Isiolo, Marsabit hadi Moyale iwekwe lami, mtu anaweza kutoka Nairobi alfajiri akalala Marsabit, lami tupu (hapo sawa, hapo hilo neno lina kazi). Kutoka Marsabit unapanda mpaka Bubisa, unakunja kushoto, unapita Maikona, unapita Kalacha penye chemchemi na mikoma, unafika North Horr. Ni kama kilomita 200, na ukishaacha lami Bubisa ni mawe, vumbi na mchanga.

Sasa hesabu hayo majina. Bubisa, Maikona, Kalacha, North Horr. Ni miji midogo, lakini ni miji. Kuna shule, msikiti, kanisa, duka la kutoa pesa, mama anayeuza chai ya maziwa ya ngamia. Wengi huko ni Wagabra, wafugaji wa ngamia na mbuzi, na nyumba zao za mikeka hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia na kuhamishwa wakati malisho yakiisha. Kwa hiyo pale ulipopiga hema ukasema hakuna mtu, inawezekana kulikuwa na boma miezi mitatu iliyopita, na litarudi mvua ikinyesha. Hayo mawe matatu meusi uliyoyapiga teke yalikuwa jiko la mtu.

Najua haya kwa sababu nilienda. Niliacha chuo mwaka wa pili, video ndizo zinanilisha, na kundi moja la waendeshaji kutoka mjini lilinichukua niwapigie picha siku tano. Sitalitaja. Pikipiki kumi na mbili, magari mawili ya mizigo, watu ishirini kwa jumla. Siku ya tatu droni iko juu, mwanga ni ule wa dhahabu wa jioni, na kwenye kona ya picha anaingia mzee na ngamia wake, kama thelathini hivi, wanatembea polepole kuelekea kisimani. Mimi nikaona hiyo ndiyo picha ya safari nzima. Kiongozi wa kundi akaniambia, "Subiri apite, anaharibu."

Anaharibu nini? Njia ni yake, kisima ni chao, ngamia ni wake. Mimi nikaendelea kurekodi. Nilipowapa kazi iliyomalizika, mzee yumo, wakataka nimtoe, nikakataa. Salio langu la elfu kumi na tano halijaingia hadi leo. Sawa.

Lakini hiyo "anaharibu" niliijua kabla sijafika Chalbi. Kogo wangu ana shamba dogo la majani chai kando ya barabara hapa Kapkatet, anachuma mwenyewe na kupeleka kituo cha kununulia. Mwaka jana watu walikuja kupiga video ya harusi, bibi harusi na gauni refu katikati ya kijani kibichi. Wakamwomba kogo asogee kidogo. Akiwa kwenye shamba lake. Na kikapu mgongoni. Akasogea, kwa sababu ni mtu wa adabu, na kwenye ile video utaona vilima vya kijani visivyo na binadamu hata mmoja, kana kwamba chai hujichuma yenyewe ikajiingiza kwenye kikombe.

Kama ingekuwa picha tu ningenyamaza. Lakini hilo neno lina historia, na historia yake iko hapa kwetu. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya ardhi iliyofanya hata ardhi waliyokuwa wanaishi Waafrika kuhesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Yaani upo hapo, unalima, unachunga, umezika wazee wako hapo, lakini kwenye karatasi haupo. Karatasi ikishasema haupo, mashamba makubwa ya chai yanakata vipande vyao Kericho, na mwaka 1934 ukoo wa Talai unakusanywa na kupelekwa Gwassi, mbali huko karibu na Ziwa Victoria, na kesi za ukoo huo tunazisikia mpaka leo. Wazee wa Kapkatet hawahitaji mtu wa kuwafundisha maana ya ardhi "tupu". Wanaijua kwa machungu.

Sasa turudi kaskazini. Kusini mwa Chalbi, ukielekea Loiyangalani kutoka South Horr, kuna ule mradi mkubwa wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Mitambo 365, megawati 310, ulizinduliwa rasmi 2019. Picha zake ni kali, na umeme nautumia pia, sijifanyi malaika. Lakini ule mradi ulipewa ekari 150,000, na wenyeji walienda kortini wakisema hiyo ilikuwa ardhi ya jamii na hawakuulizwa ipasavyo. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati miliki zilitolewa kinyume cha utaratibu, na ikatoa muda wa mwaka mmoja mambo yarekebishwe. Ekari laki moja na nusu hazitolewi kirahisi hivyo mahali ambapo kila mtu anaamini kuna watu. Hutolewa mahali ambapo nchi nzima, kuanzia ofisi kubwa mpaka mimi na wewe na simu zetu, imezoea kusema hakuna kitu.

Wengine mtasema nimeruka mbali, kutoka maneno ya chini ya video hadi hati miliki. Sisemi msee wa pikipiki ameiba shamba la mtu. Nasema picha elfu moja za jangwa lisilo na watu zinazoea macho, na macho yaliyozoea hayashangai siku mtu akija na ramani na mhuri.

Halafu kuna maji. Hili ndilo lilinikera zaidi na hakuna anayeliposti. Watu ishirini, kunywa, kupika, kuosha sahani, na kila jioni kuoga kwa sababu eti vumbi linawasha. Weka lita 15 kwa kila mtu. Hiyo ni lita 300 kwa siku, mitungi kumi na mitano ya lita 20. Lala usiku nne, umefika mitungi sitini. Kundi letu lilichota karibu yote kwenye kisima cha kijiji, na kiongozi akabishana bei na kijana anayelinda pampu kama anabishana na mtu wa mitumba. Nyuma yetu kulikuwa na foleni ya punda na kina mama. Na hii ni kaunti ambayo kati ya 2020 na mapema 2023 misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, ngamia wenyewe wakafa, na ngamia si mnyama wa kufa ovyo. Ukienda na magari mawili, jaza maji Marsabit mjini. Tulikuwa na nafasi. Ilijaa kreti za bia.

Kitu kingine ambacho hilo neno linaficha ni nani anajua kuendesha. Kwenye video shujaa ni yule wa pikipiki ya kilo 250, buti za kuruka angani na kofia ya elfu themanini. Mchanga haumjui. Mchanga laini unataka upunguze upepo wa taili karibu nusu ili ikanyage kwa upana, usimame kwenye vikanyagio, uzito urudi nyuma, uachie usukani ucheze kidogo, uangalie mbali na si gurudumu, na usikate mafuta ghafla hata ukiogopa. Ukikata, gurudumu la mbele linajizika na wewe unaruka mbele kama samaki. Na kilima cha mchanga kina upande mmoja wa mteremko mpole na mwingine mkali kama paa, kwa hiyo anayepanda kwa kasi bila kujua upande wa pili kuna nini anacheza na shingo yake.

Hayo yote tulionyeshwa na nani? Na vijana wawili wa boda wa hukohuko, kwenye nduthi za kawaida za 150, mmoja amebeba abiria na mbuzi. Pikipiki nyepesi inaelea pale ile nzito inapozama. Siku ya pili mmoja wao alivuta pikipiki tatu za kundi letu kutoka kwenye mchanga kabla ya saa nne asubuhi. Alilipwa soda. Kwenye video iliyopandishwa hayumo.

Na nikimtazama nilikuwa naona vijana wa hapa kwetu mwezi wa nne, barabara ya udongo mwekundu imekuwa sabuni, mtu amebeba gunia mbili za majani chai mbichi na bado anapiga simu. Tukianguka mchangani wanaita msisimko. Boda akianguka kwenye tope akikimbiza mama mjamzito hospitali ya Kapkatet, wanaita uzembe wa boda boda. Hii nchi bana.

Najua jibu linalokuja: utalii unaleta doo, usiwafukuze wageni. Mimi sifukuzi mtu. Mwambie huyo kijana wa nduthi alipwe kama kiongozi wa safari, kwa bei mliyokubaliana kabla ya kutoka, na jina lake liwekwe kwenye video akitaka. Ulizeni chifu au wazee mahali pa kupiga kambi, maana kuna sehemu wanahifadhi malisho na wewe huwezi kuziona kwa macho. Kaeni mbali na visima jioni mifugo inapokuja kunywa, injini huwatisha. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba, na akikataa amekataa. Hayo hayagharimu hata nusu ya hizo kreti. Pesa ya kijana wa nduthi inalala North Horr. Kwenye safari yetu nyingi ililala Nairobi kwa mwenye kampuni.

Mwingine atasema, lakini watu wanataka kuona utupu, ndio unauza. Labda. Ile picha ya mzee na ngamia nilikuja kuiweka kwenye ukurasa wangu, kutoka juu sana, uso hauonekani, na nikaandika tu: "Njia ya kisimani, North Horr." Ndiyo imetazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti, na komenti nyingi ni za vijana wa Marsabit wakibishana ni kisima kipi. Mmoja aliandika kwamba kwa mwendo wa wale ngamia anaweza kukisia ni za watu wa upande gani. Sijui kama ni kweli au ananichezea, lakini nilisoma mpaka saa nane usiku.

Kwa hiyo mwezi wa nane tunaenda tena, safari hii na majamaa wawili wa boda kutoka stendi ya Kapkatet, nduthi zao wenyewe, polepole, siku tatu mpaka Marsabit. Yule kijana wa North Horr nimeshaongea naye, ametaja bei yake ya siku na tumekubali. Nafasi zimebaki mbili. Mtu akitaka kuja aje na hema, taili nzuri na mitungi mitatu ya maji iliyojaa, na kuoga tutaoga tukirudi.