Mutoto wa kwetu peke yake haitoshi: kwa nini tunasimama na Fayulu

Bandugu na dada zetu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na nyinyi wote wa kwetu mulioko Kindu, Bukavu, Goma na Kinshasa,

Tangu kampeni ifunguliwe tarehe 22 Novemba, simu zetu hazilali. Baba wadogo wanapiga, mashangazi wanapiga, wote na neno moja: "Mara hii raisi ni mutoto ya kwetu. Musituangushe." Wanamusema Emmanuel Ramazani Shadary. Leo tunawajibu wazi, kwa heshima yote tuliyo nayo kwa wakubwa wetu: hapana. Tarehe 23 Desemba tutamupigia kura Martin Fayulu.

Tunajua inavyosikika. Fayulu si wa Maniema. Chama chake, ECiDé, ni kidogo, na wengi hapa wamelijua jina lake mwezi huu tu. Lakini tuangalie kwanza namna wagombea walivyopatikana.

Upande wa utawala, hakuna aliyepiga kura. Tarehe 8 Agosti, siku ya mwisho ya kupeleka majina CENI, Joseph Kabila alitaja jina moja, kazi ikaisha. Ni Kabila yule yule ambaye muhula wake ulikwisha Desemba 2016 na mupaka leo yuko.

Upande wa upinzani, tarehe 11 Novemba wakubwa saba walikaa Geneva, kule Uswisi: Bemba, Katumbi, Muzito, Matungulu, Kamerhe, Félix Tshisekedi na Fayulu. Wakapiga kura, Fayulu akapita, wote saba wakatia sahihi. Kesho yake Félix na Kamerhe wakaondoa sahihi zao, wakisema wafuasi wao wamekataa. Tarehe 23 wakapatana Nairobi: mumoja awe raisi, mwingine waziri mukuu. Lakini Bemba na Katumbi, wenye wafuasi wengi na waliofungiwa njia wasigombee, wamebaki na neno lao.

Tuseme ukweli: hata sisi ile ya Geneva haikutufurahisha. Watu saba wakijifungia mbali na nchi, hiyo si kura ya muchujo. Tungependa wanachama wenyewe wachague, hapa hapa, mbele ya macho ya kila mutu, na siku moja tutaidai kwa kila chama. Lakini kura saba ni bora kuliko kidole kimoja. Na waliotoka Geneva hawakulalamika kuhusu mupango mbele ya kura. Walilalamika kisha kushindwa. Mutu asiyeheshimu kura saba, ataheshimu vipi kura za mamilioni?

Sasa mutoto wa kwetu. Shadary alikuwa gavana wa jimbo hili. Matata Ponyo, naye wa kwetu, alikuwa waziri mukuu kuanzia 2012 mupaka 2016. Tulicheza, tulishangilia. Njia ya Kasongo kwenda Kindu ikoje leo mvua ikinyesha? Mugonjwa anabebwa juu ya kinga. Lualaba inapita mbele yetu usiku na mchana, na sisi tunatafuta mahali pa kuchaji simu.

Kuna zaidi ya njia na umeme. Shadary alikuwa waziri wa mambo ya ndani kuanzia Desemba 2016 mupaka Februari 2018. Tarehe 21 Januari 2018, Thérèse Kapangala, binti aliyekuwa anajitayarisha kuwa mutawa, aliuawa kwa risasi kanisani Kinshasa, siku ya maandamano ya Wakristo. Kabla ya hapo, Mei 2017, Umoja wa Ulaya ulikuwa umemuwekea waziri huyo vikwazo kwa sababu ya namna waandamanaji walivyokandamizwa. Bakubwa wetu, siku ile mulisema nini kwa mutoto wenu?

Fayulu angeweza kukaa kimya. Alifanya kazi ya pesa nzuri katika kampuni ya mafuta, kisha akawa mubunge wa Kinshasa. Septemba 2016 aliumizwa kichwani akiwa barabarani, akidai Kabila aondoke kwa wakati. Alikuwa mahali tulipokuwa sisi.

Wengine watasema muvuma wa raia hauungi mukono mutu. Ndiyo maana tunaweka mipaka. Hatutachukua franga zake, hatutavaa tisheti zake. Akishinda na akasahau, watakaosimama mulangoni kwake ni sisi hawa hawa.

Na kuhusu vikwembe na chumvi vinavyogawanywa: tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko letu la Nyangwe, bunduki zilifyatuliwa juu ya wanawake waliokuja kuuza na kununua. Livingstone aliona kwa macho yake. Wakati ule mutu wa hapa alikuwa na bei. Mama akipewa kikwembe, asikatae, avae. Lakini kura yake isiwe bei ya kikwembe.

Tunawaomba vitu vitatu. Musitukane mutu anayemupenda Shadary, huyo ni ndugu yako. Nendeni kupiga kura mapema, hata kama mashini ile hatuiamini, na Fayulu mwenyewe haiamini. Halafu musirudi nyumbani: mubaki karibu na biro mupaka matokeo yabandikwe ukutani, muyapige picha, muyatunze.

Umoja wa Geneva umeitwa Lamuka. Kwetu hilo neno halihitaji kutafsiriwa. Ndilo bibi zetu wanalosema asubuhi wakigonga mulango: lamuka, jua limetoka.

Tumelamuka.

Nyangwe, tarehe 28 Novemba 2018