Mgonjwa Huyu na Aulizwe Uji

Katika eneo bunge la Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, ipo wadi ambayo jina lake rasmi ni Airport. Wapiga kura wake huliona jina hilo katika karatasi za uchaguzi sambamba na majina ya wadi jirani za Port Reitz, Kipevu, Chaani na Changamwe yenyewe. Vitabu vya shule vinasema "uwanja wa ndege". Makondakta wa matatu wanaita "eapoti", wakalitia neno irabu mwishoni kama Waswahili walivyofanya tangu jadi kwa kila neno lililoshuka kutoka jahazini. Mwanaisimu mwenye wivu wa lugha anaweza kunung'unika, lakini hakuna mwenyeji aliyewahi kupotea njia kwa sababu ya neno hilo. Wapo, hata hivyo, wasafiri wanaoshuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ulioipa wadi hiyo jina, ambao wanaweza kupotezwa na maneno, na wanachoweza kukipoteza ni afya yao. Hao ni wale wanaorejea nyumbani kutoka Nairobi au India baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito.

Safari za matibabu baina ya Pwani na India si jambo geni. Familia nyingi za Mombasa zina jamaa aliyepelekwa huko kwa ajili ya moyo, figo au saratani, na aghalabu gharama ilichangwa na ukoo mzima. Upasuaji wa kupunguza uzito umejiunga na safari hizo kimyakimya, na kimya hicho kina sababu yake. Mgonjwa wa moyo huagwa kwa dua. Mgonjwa wa unene huaga watu wachache, na akiulizwa husema anakwenda kuangaliwa presha. Inadhaniwa kwamba aliyenenepa amejinenepesha mwenyewe, na kwamba anayepasuliwa kwa sababu hiyo anatafuta urembo kwa njia ya mkato.

Dhana hiyo haina mashiko. Kufyonza mafuta chini ya ngozi ili kiuno kipendeze ni shughuli nyingine kabisa, na kuchanganya mambo hayo mawili ni kosa la kwanza ambalo wasomi wa lugha wangeweza kulirekebisha. Upasuaji unaozungumziwa hapa una historia ya zaidi ya nusu karne. Mnamo 1966, Edward Mason na Chikao Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani walifanya ule wa kwanza wa kukikwepesha chakula kisipite katika sehemu kubwa ya tumbo. Utafiti mrefu ulioanzishwa nchini Uswidi mwaka 1987 ulitoa matokeo mwaka 2007 yaliyoonyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi miongoni mwa waliopasuliwa kuliko miongoni mwa wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Kisukari kwa wengi hutulia, wakati mwingine hata kabla uzito haujapungua sana. Wala unene si tatizo la mbali: uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya nchini Kenya ulikuta mwaka 2014 kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri, kufikia ule wa 2022, kiwango kilikuwa asilimia 45.

Lugha huanza kutatiza pale mgonjwa anapotaka kueleza alichofanyiwa. Neno "tumbo" katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa. Ni sehemu yote ya mwili iliyo chini ya kifua, ni mfuko wa chakula, na katika mazungumzo ya heshima ni mimba pia. Aliyejifungua kwa kisu "amepasuliwa tumbo", na aliyepunguzwa mfuko wa chakula naye ni hivyo hivyo. Jirani akitaka kuonyesha ujuzi husema "amekatwa utumbo", na mara nyingi huwa amekosea. Katika upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa takriban robo tatu au zaidi kidogo ya mfuko wa chakula, na kinachobaki huwa chembamba mithili ya ndizi. Utumbo hauguswi. Katika aina ya pili, ile iliyoasisiwa na Mason, hutengenezwa kijifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula kisha utumbo ukaunganishwa nacho, hivyo chakula hukwepa sehemu ambayo madini ya chuma na kalisi hufyonzwa kwa wingi. Mgonjwa wa aina hii ya pili huonywa asitumie ovyo dawa za maumivu za jamii ya aspirini na ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kumtia vidonda pale palipounganishwa. Sasa mtu huyo na aingie katika duka la dawa la Magongo akiumwa na kichwa, aseme tu kwamba "alikatwa tumbo". Muuzaji atampa nini?

Tanzania imeonyesha kwamba jambo hili halihitaji miujiza. Katika miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya kuingiza kupitia kinywani kifaa kinachojazwa ndani ya tumbo ili mtu ashibe mapema, kisha kikatolewa baada ya miezi kadhaa. Si upasuaji, ila lengo ni lile lile. Madaktari na magazeti wakakiita puto. Ni neno la mtoto anayecheza uani, na kila aliyelisikia alielewa papo hapo kitu gani kinaingizwa na kwa nini. Hakuna kongamano lililohitajika.

Kazi kubwa, lakini, huanza baada ya kisu. Mgonjwa hupewa kijitabu, na mara nyingi kijitabu hicho ni cha Kiingereza. Humo ameandikiwa jinsi ya kula upya kana kwamba ni mtoto mchanga: siku za mwanzo vimiminika vyepesi na supu iliyochujwa, kisha maziwa na mtindi, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo baada ya wiki sita hadi nane. Maji yasinywewe pamoja na chakula. Protini isipungue takriban gramu 60 kwa siku, na vitamini zimezwe maisha yote.

Anayedai kwamba Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya hajakaa jikoni. Lugha hii ina kulamba, kumumunya, kutafuna, kubugia na kugugumia. Ina funda la maji na tonge la wali. Hutofautisha kiungulia na kichefuchefu, na kwikwi na kupaliwa. Mgonjwa wa aina hii akiambiwa "kunywa maji mengi", atapiga mafunda na kuumia. Akiambiwa anywe kama wazee wanavyokunywa kahawa tungu barazani, kikombe kidogo kwa nusu saa ya mazungumzo, ameelewa kila kitu, ujazo na mwendo. Chukua pia maneno matatu: kukinai, kushiba, kuvimbiwa. Mwenye tumbo jipya hana nafasi ya kushiba kwa maana ya zamani, ile ya kuegemea mto na kuhimidi. Analopaswa kulitambua ni dalili ya awali, kifua kubana kidogo au kwikwi, na hapo aache hata kama kijiko kiko njiani. Kukinai ndilo neno lake. Kwa bahati mbaya katika adabu za mezani neno hilo lina ukali: anayesema amekinai huweza kudhaniwa amechukizwa na chakula cha watu. Lingepewa maana mahususi ya kitabibu, likarudishwa katika heshima yake ya zamani ya kuridhika, mgonjwa angekuwa na namna ya kukataa sahani bila kumvunjia mwenyeji wake uso.

Yako pia mambo yasiyo na jina. Mtu aliyekwepeshwa chakula akila kaimati mbili tatu za shira, sukari hukimbilia kwenye utumbo kwa ghafla, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akahisi kizunguzungu na pengine kuhara. Nyumbani watasema ameingiwa na shetani au amelishwa kitu. Kungekuwa na neno la kawaida, "mporomoko wa chakula" kwa mfano, hofu ingepungua na sababu ingejulikana. Hali kadhalika nywele hunyonyoka kwa wengi baina ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena. Asiyeelezwa mapema huambiwa na mashoga zake kwamba ni jicho la hasidi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Wema wote wa malezi ya Kiswahili umo katika methali hiyo: muuguzi wa nyumbani, awe mama, shangazi au mke wa kaka, haombi ruhusa, huleta bakuli na kusimama hadi liishe. Kwa mgonjwa huyu wema huo ni hatari. Uji mzito wa nazi ukija siku ya nne, bakuli zima, unaweza kumtapisha mfululizo na kuusumbua mshono ambao bado ni mbichi. Na kutapika kusikokoma si jambo la kutibiwa kwa tangawizi: mwili huishiwa na vitamini B1, na ubongo na neva zikadhurika. Kuna dalili nyingine ambazo shangazi anapaswa kuzijua kuliko yeyote, kwa kuwa ndiye anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Homa, moyo kwenda mbio na maumivu makali ya tumbo yanayofika hadi bega la kushoto vinaweza kumaanisha kwamba mshono unavuja. Mguu mmoja ukivimba, au pumzi ikikatika, huenda damu imeganda, na hatari hiyo huongezeka kwa mtu aliyetoka kupasuliwa kisha akakaa saa nyingi ndani ya ndege. "Uchovu wa safari," watu watasema, wampe mto apumzike. Kijitabu kimeyataja yote hayo, kwa lugha ambayo shangazi haisomi.

Baki neno zito kuliko yote. Mgonjwa akitoka nje ya ukumbi wa abiria wanaowasili miezi michache baada ya kupasuliwa, kauli ya kwanza atakayoisikia ni "Umekonda!" Katika Kiswahili cha watu, kukonda hakujawahi kuwa habari njema. Hukonda mwenye huzuni, mwenye njaa, mwenye deni na mwenye maradhi. Aliyenenepa "amenawiri", "ana afya", "ana mwili". Katika miaka ya 1980 watu wa Uganda waliuita UKIMWI siliimu, kutokana na neno la Kiingereza la wembamba, na tangu hapo kukonda ghafla kukawa ushahidi mbele ya macho ya majirani katika eneo zima hili. Mtu aliyeondokana na sindano za insulini na sasa anapanda ngazi bila kutweta hurudi katika mtaa ambao lugha yake inamtazama kama anayekufa. Baadhi huanza kula kwa siri ili wanyamazishe watu. Hilo ni jeraha ambalo daktari wa Mumbai hawezi kulishona.

Watakuwapo watakaosema kwamba wenye uwezo wa kulipia upasuaji huo wanajua Kiingereza. Huenda mgonjwa anakijua, anayempikia je? Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo, kadiri inavyowezekana, kwa lugha anayoielewa, na Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Wengine watasubiri istilahi zitoke juu. TUKI ilichapisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003, kazi ya kuheshimiwa, lakini kamusi ni ya mtu anayejua tayari anachotafuta. Kinachohitajika hapa ni karatasi ya kurasa nne. Na iwe na sahani ya Pwani ndani yake: mbaazi zipondwe lini, samaki wa kupaka aruhusiwe wiki ya ngapi na tui liwe jepesi kiasi gani, mahamri yangoje hadi lini, na anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kwanza.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili hufanya makongamano kila mwaka, na mada za uundaji wa istilahi hazikosi. Mijadala ya kompyuta na simu imejaa kurasa za majarida yao. Wanafunzi wanne wenye subira, muuguzi mmoja na mtaalamu wa lishe wangeweza kuiandika karatasi hiyo katika likizo moja. Rasimu isipelekwe kwanza kwa profesa. Ipelekwe Changamwe, isomwe kwa sauti mbele ya mwanamke anayepika, naye aulizwe kila aya imemwambia afanye nini kesho asubuhi. Pale atakapojibu kinyume na alivyokusudia muuguzi, neno libadilishwe, hata kama limo katika kamusi.